Mac nzito Uvira: dola zako uziweke wapi?

Peleka Mac nzito kwa mafundi wa Uvira, na mara nyingi jibu la kwanza ni kuifomati. Ni kazi ya bei nafuu, ila diski ikiwa ile ya zamani inayozunguka, mashine inarudi kukokota baada ya muda mfupi. Kabla ya kutoa hata franga moja, fanya majaribio mawili ya bure.

Izime, uiwashe, ufungue Word. Ifunge kabisa kwa Command na Q, kisha uifungue tena. Mara ya kwanza ikikokota na ya pili ikafunguka upesi, diski ndiyo inayochelewesha. Zote mbili zikikokota, zima Wi-Fi ujaribu tena: ikifunguka upesi, kosa ni la mtandao. Mac za miaka hii huuliza seva za Apple mara kwa mara kama cheti cha aliyetengeneza programu bado ni halali. Mtandao usipokuwepo kabisa hazijali. Ukiwa nusu nusu, zinakaa zikingoja. Tarehe 12 Novemba 2020 seva hizo zilielemewa, na Mac za dunia nzima zikakwama kufungua programu, hata zilizonunuliwa wiki ileile. Hapo SSD mpya (diski isiyozunguka) isingemsaidia mtu.

Sasa tuseme kosa ni la diski. Mwenye MacBook Pro ya inchi 13 ya katikati ya 2012 ana bahati. Apple iliendelea kuiuza mpaka 2016, na ya bei ya chini ilitoka na RAM ya GB 4 na diski ya GB 500 inayozunguka mara 5,400 kwa dakika. Kufungua programu ni kusoma faili ndogondogo nyingi mno, na diski hiyo huchelewa kwa kila moja. Mfuniko wa chini unashikwa na skrubu kumi tu. Ndani inaingia SSD ya kawaida ya inchi 2.5, ileile ya HP na Dell, kwa hiyo usikubali kuuziwa "ya Mac" kwa bei ya juu. RAM yake pia ni DDR3 ya laptop nyingi za wakati ule. Hata ya mashine iliyokufa inafaa. Pesa zikitosha kimoja tu, anza na SSD. Ikiwa bado inakwama baada ya hapo, shuku waya mwembamba wa diski, ambao kwa modeli hii huharibika sana.

Kasoro ya modeli hii: Apple iliifikisha kwenye mfumo wa macOS Catalina ikaishia hapo, na programu mpya zinazidi kuikataa.

MacBook Air ni habari nyingine. RAM yake imechomelewa kwenye bodi. Fundi akikuahidi kukuongezea, chukua mashine yako uende. SSD inayo tayari, basi ondoa video na mafaili yaliyoijaza. Na kama betri ilivimba ikatolewa, ukawa unatumia chaja peke yake, umepata jibu: MacBook isiyo na betri hupunguza kasi yake yenyewe. Hapo nunua betri.

Chaguo la mwisho ni Air yenye chipu ya M1 iliyotumika. Ilipotoka Novemba 2020 iliuzwa dola 999 ikiwa na RAM ya GB 8. Kufika GB 16 kulikuwa dola 200 zaidi, tena siku ya kununua tu, kwa kuwa baadaye haiongezeki. Kipimo changu ni hiki: jumlisha SSD, RAM, ufundi na nauli ya kupita mpaka wa Kavimvira kwenda Bujumbura kuvitafuta na kurudi. Jumla ikipita robo ya bei ya M1 uliyotajiwa, acha ya 2012 ilivyo, uendelee kuweka akiba.

Siku ya kuinunua, usitoe pesa mpaka muuzaji aondoe akaunti yake ya Apple mbele ya macho yako, aifute mashine, nawe uiwashe kwa jina lako palepale. Akisema atakutumia namba ya siri kesho kwa WhatsApp, mrudishie mashine yake.