Mikunjo ya Ngozi na Jua la Shambani
Linganisha ngozi ya shavu lako na ile ya tumboni, ambayo nguo huifunika. Umri ni ule ule. Tofauti kubwa ni jua. Miale yake huharibu nyuzi zinazoikaza ngozi. Anayepalilia mahindi Kikwe avae kofia pana, na kazi aianze alfajiri. Tumbaku nayo hukunja uso. Mafuta ya kupaka hulainisha ngozi kavu, lakini mkunjo ulioingia hayaufuti. Krimu za kujichubua ziache: baadhi zina zebaki, inayodhuru figo.

Ndugu zetu wenye ualbino hawana kinga ya weusi; kwao jua hilo hilo huleta saratani. Kidonda kisichopona mwezi mzima kisifunikwe kwa poda. Kipelekwe hospitali; KCMC, Moshi, wapo madaktari wa ngozi.