Fahamu Mizani ya Kielektroniki Kabla ya Kulipa

Tarakimu zinazong'aa kwenye mizani ya kielektroniki huwafanya wengi waamini kuwa kipimo hakina kasoro. Hata hivyo, mizani nzima, yenye mhuri, inaweza kumpunja mkulima au mnunuzi ikipimia mzigo mdogo kupita kiasi au ikisomwa kabla ya kutulia.

Chini ya sahani kuna kipande cha chuma ambacho hujipinda kidogo kinapobeba mzigo. Kihisio kilichobandikwa hapo hugeuza mpindo huo kuwa umeme mdogo sana. Katika mizani ya kilo 300, mzigo kamili unaweza kutoa milivolti 10 tu. Ikiwa inasoma kwa hatua za gramu 100, kila hatua ni takriban mikrovolti 3.

Umeme mdogo hivyo huvurugwa kwa urahisi. Meza ikitikisika, upepo ukipiga sahani au simu ikiwa karibu, tarakimu huweza kurukaruka. Mafundi huita vurugu hii kelele. Ili kuipunguza, mizani husoma mara nyingi na kuonyesha wastani. Wastani wa vipimo 16 hupunguza kelele ya kubahatisha mara 4, lakini kazi hiyo huchukua muda. Ndiyo sababu muuzaji hapaswi kuondoa mzigo kabla tarakimu hazijatulia.

Jambo la pili ni kiwango cha mizani. Kwa hatua za gramu 100, kukadiria pekee kunaweza kuleta tofauti ya gramu 50. Kwa gunia la kilo 50, hiyo ni sehemu 1 kwa 1,000. Kwa nusu kilo ya nyama, ni sehemu 1 kwa 10. Bamba la mizani huonyesha "Max", uzito wa juu, na "Min", uzito wa chini unaofaa kupimwa. Mizani ya kawaida ya biashara yenye hatua za gramu 100 haifai kupimia chini ya kilo 2.

Kabla ya kulipa au kupokea malipo, wakazi wanashauriwa:

• Kuhakikisha mizani inasoma sifuri ikiwa tupu.
• Kuhakikisha imewekwa mahali tambarare, pasipo upepo.
• Kusoma bamba na kutafuta mhuri wa ukaguzi.
• Kusubiri tarakimu zitulie.

Mizani ya biashara hukaguliwa chini ya Sheria ya Mizani na Vipimo, Sura ya 513. Anayeshuku kipimo apeleke malalamiko kwa maafisa wa mizani na vipimo wa kaunti.