Mtoto Mwenye Mzio, Nyumbani na Darasani

Mtoto aandikishwapo darasa la kwanza huwa amekwisha kufundishwa na nyumba yake kwa miaka 6 au 7. Amejifunza kusema, kunawa, kuwaamkia wakubwa, na kujua chakula kipi aombe na kipi asiguse. Kwa watoto walio wengi somo hili la mwisho ni la adabu tu. Kwa mtoto mwenye mzio ni somo la uhai. Katika makala haya tunakusudia kueleza mzio ni nini, jinsi familia inavyoishi nao siku hata siku, na mambo ambayo mwalimu wa shule ya msingi hana budi kuyajua kabla ya kukabidhiwa darasa.

Maana ya mzio

Neno mzio si geni katika Kiswahili. Tangu zamani limetumika kwa chakula au jambo ambalo mtu hutakiwa ajiepushe nalo, ama kwa mila za ukoo, ama kwa sababu ya dawa anayotumia. Siku hizi wataalamu wa afya hulitumia kwa maana mahususi zaidi, yaani hali ya kinga ya mwili kukipinga kitu kisichowadhuru watu wengine kana kwamba ni adui. Daktari Clemens von Pirquet wa Vienna, Austria, ndiye aliyeipa hali hii jina la kitaalamu mwaka 1906.

Mwili wa mtoto wa namna hii, ukiisha kukutana na protini ya karanga, kwa mfano, hutengeneza chembe za kinga dhidi yake. Chembe hizo hujishikiza kwenye seli zilizomo katika ngozi, njia ya hewa na matumbo. Protini hiyo ikiingia tena, seli humwaga kemikali, mojawapo ikiitwa histamini. Ndipo ngozi hufura na kuwasha, midomo na kope huvimba, tumbo husokota, mtoto hutapika, na pengine njia ya hewa hubana. Mara nyingi dalili huanza dakika chache baada ya kula, na kwa kawaida hazichelewi kupita saa 2. Vyakula vinavyoleta mzio mara nyingi ni maziwa ya ng'ombe, mayai, karanga, korosho na jamii yake, samaki, kamba na kaa, ngano, soya na ufuta.

Yafaa mwalimu atenganishe mambo manne yanayofanana kwa nje. Yuko mtoto akataaye chakula kwa kuwa hakipendi. Yuko ambaye tumbo lake haliwezi kumeng'enya sukari ya maziwa. Huyu hujaa gesi na kuharisha, lakini maisha yake hayamo hatarini. Yuko ambaye ukoo wake una mwiko wa nyama fulani. Na yuko mwenye mzio wa kinga ya mwili. Mtoto wa tatu na wa nne wanaweza wote kusema, "Hiki ni mzio wangu." Mwalimu asikiapo maneno hayo asikisie maana yake, awaulize wazazi.

Siku moja nyumbani

Tuchukue mfano wa nyumba yenye baba, mama, bibi na watoto watatu, ambamo mtoto wa kati ana mzio wa karanga. Asubuhi mama hupika uji. Unga wa lishe uuzwao madukani na sokoni mara nyingi huwa na mahindi, ulezi, soya na karanga pamoja. Kwa hiyo mama huyu hanunui unga uliokwisha sagwa. Hupeleka nafaka yake mashineni, na hapo huuliza kwanza ni kitu gani kilichosagwa kabla ya chake. Siku ya kisamvu cha karanga, chakula cha mtoto wa kati hupikwa na kupakuliwa kwanza, na mwiko uliokoroga kisamvu hauingizwi katika sufuria nyingine. Kaka mkubwa, akila kashata njiani, hunawa mikono kwa sabuni kabla ya kucheza na mdogo wake, kwani maji matupu hayatoshi kuondoa mabaki ya karanga.

Kazi iliyo ngumu kuliko ya jikoni ni ile ya kuwaelimisha watu. Bibi hufikiri kwamba mjukuu akipewa kidogo kidogo atazoea. Jirani huona kwamba mama anamdekeza mwanawe. Mgeni huja na zawadi, na kuikataa zawadi ya mgeni huonekana ni utovu wa adabu. Kwenye harusi na sikukuu sahani hupita mikono mingi, na hakuna ajuaye ni nani aliyepika nini. Kwa sababu hiyo mtoto mwenyewe amefundishwa sentensi moja, aikariri mpaka imzoee ulimini: "Ahsante, lakini sili mpaka nimuulize mama." Wazee walisema kwamba mkono mmoja haulei mwana, na katika nyumba hii mikono yote imefundishwa kazi hiyo moja.

Mwanachuo atazame mbinu zilizotumika hapa. Kanuni ni chache na fupi. Hurudiwa kila siku kwa maneno yale yale. Watoto wote huzitenda, hata wasio na mzio. Mwenye mzio haitwi mgonjwa, wala hapewi kipande kikubwa cha nyama kwa kuhurumiwa, ili ndugu zake wasimwonee kijicho.

Hatari zinapoongezeka

Mtoto huyu afikapo shuleni, ulinzi wa nyumbani hubaki nyuma. Uji wa shule hupikwa katika sufuria moja. Kashata na karanga huuzwa langoni. Watoto humegeana vitafunio kwa wema, na wema huo tumewafundisha sisi wenyewe. Zaidi ya hayo, mtoto aliyefundishwa nyumbani kukataa hufundishwa shuleni kutii. Mwalimu amwambiaye, "Kula, usidharau chakula cha wenzako," aweza kumwangamiza mtoto kwa nia njema kabisa.

Zana za kufundishia nazo zatazamwe. Wengi wetu hutumia karanga kuwa vihesabio katika somo la hesabu, nao watoto huzila kipindi kinapokwisha. Vizibo vya soda, vijiti na vijiwe hufanya kazi ile ile bila hatari. Makopo ya maziwa na makasha ya mayai yaletwayo kwa kazi za mikono yaoshwe vizuri, au yaachwe kabisa ikiwa darasani yumo mtoto mwenye mzio wa vyakula hivyo.

Mambo ya kutekeleza

(a) Katika wiki ya kwanza mwalimu amwulize kila mzazi au mlezi kama kuna chakula, dawa au mdudu anayemletea mtoto uvimbe, vipele au kubanwa pumzi. Aulize pia kuhusu pumu, kwa kuwa mtoto mwenye pumu na mzio wa chakula yumo katika hatari kubwa zaidi.

(b) Majibu yaandikwe, na nakala wapewe mwalimu mkuu, mpishi wa shule na kila mwalimu aingiaye darasa hilo. Habari iliyomo kichwani mwa mwalimu mmoja haina faida siku asipokuwapo.

(c) Mpishi ashirikishwe kwa heshima. Aelezwe sababu, si kupewa amri tu, kwani ndiye ajuaye ni nini kilichotiwa katika sufuria.

(d) Mtoto asitengwe. Aketi na wenzake, ale alicholetewa kutoka nyumbani, na wote wanawe kwa sabuni kabla na baada ya kula.

(e) Darasa zima lifundishwe. Katika kipindi kimoja cha afya watoto waweza kuigiza: mmoja atoe chakula, wa pili akatae kwa adabu, wa tatu akimbie kumwita mwalimu. Jina la mtoto mwenye mzio lisitajwe bila idhini ya wazazi wake.

Wakati wa dharura

Mzio mkali kupita kiasi, uitwao anafilaksia, hutambulikana kwa kubanwa pumzi, sauti kukauka, ulimi kuvimba, kulegea au kuzimia. Vipele vyaweza visionekane. Tiba yake ya kwanza ni sindano ya adrenalini, ichomwayo katika msuli wa paja kwa upande wa nje. Ikiwa mtoto amepewa na daktari sindano ya namna hiyo, mwalimu afundishwe kuitumia, wala asisite. Dawa za kupunguza mwasho haziwezi kushika nafasi yake.

Mtoto alazwe chali na miguu iinuliwe. Akibanwa pumzi aketishwe. Akitapika au kuzimia alazwe ubavu. Asisimamishwe wala asitembezwe kwenda zahanati. Abebwe au aletewe chombo, na mtu mzima asimwache. Asilazimishwe kutapika. Asinyweshwe maziwa kwa kudhani kwamba yataua sumu, maana mzio si sumu, na pengine maziwa ndiyo yaliyomdhuru. Hata akipata nafuu apelekwe hospitali, kwani dalili zaweza kurudi baada ya saa kadhaa.

Maswali ya wazazi

Mwalimu huulizwa mengi na wazazi, naye ajue mipaka yake. Wakiuliza kama mtoto atapona, twaweza kuwaeleza kwamba mzio wa maziwa na wa mayai huwaacha watoto wengi kadiri wanavyokua, lakini ule wa karanga huwaacha wachache, kama mmoja katika watano. Wakiuliza kuhusu mdogo wake aliye mchanga, twakumbuka kwamba zamani wazazi katika nchi kadhaa walishauriwa kuchelewesha karanga. Utafiti uliofanywa London kwa watoto 640 waliokuwa katika hatari kubwa ya kupata mzio, na kutangazwa mwaka 2015, ulionyesha kinyume. Kati ya walioepushwa na karanga, watoto 17 katika kila 100 walikuwa na mzio wake walipofika miaka 5. Kati ya waliolishwa tangu uchanga, 3 tu. Hata hivyo, mdogo wa mtoto mwenye mzio aanzishwe kwa ushauri wa mganga, na kwa karanga zilizosagwa laini, kwani punje nzima humpalia mtoto mdogo. Mtoto ambaye tayari ana mzio asijaribiwe nyumbani wala shuleni hata kwa punje moja.

Mwanachuo aendapo katika mazoezi ya kufundisha aombe orodha ya watoto wenye mzio siku ile ile anayoomba kitabu cha mahudhurio. Ikiwa orodha haipo, aianzishe, naye aiache mezani kwa mwalimu atakayempokea.