Siki, Pamba na Swali la Mama

Nesi anachovya pamba kwenye siki iliyopimwa ukali wa asilimia 3 hadi 5, kama ile ya kachumbari, anaipaka taratibu kwenye mlango wa kizazi, kisha anatazama saa. Dakika moja tu. Palipo na seli zilizoanza kuharibika patageuka peupe, maana seli hizo zimesheheni protini, na tindikali huigandisha protini kama moto unavyougandisha ute wa yai. Pazima hubaki na rangi yake. Doa dogo huweza kuchomwa hapohapo kwa kifaa cha joto kinachoshikwa mkononi, na mama akarudi nyumbani kwa miguu yake.

Saratani ya mlango wa kizazi karibu yote huletwa na virusi vya HPV vinavyoambukizwa kwa kujamiiana. Harald zur Hausen, aliyegundua uhusiano huo, alipewa tuzo ya Nobel mwaka 2008. Kutoka maambukizi hadi saratani hupita miaka 15 hadi 20 kwa kawaida. Kwa mwenye VVU asiyetumia dawa, 5 hadi 10. Muda wa kuiwahi upo, tena mrefu. Hata hivyo wengi hufika hospitali damu zimeshaanza kutoka, na sisi tulio nje ya chumba kile tunakimbilia kusema hawana elimu. Sikubaliani na jibu hilo hata kidogo.

Sikilizeni anachouliza mama huyu, bado amelala kitandani: "Nesi, binti yangu ana miaka kumi, ameletewa karatasi ya chanjo shuleni. Kwa nini yeye, kaka yake asichanjwe? Na mbona mapema hivyo?"

Hayo ni maswali ya mtu mwenye akili timamu. Chanjo ya wasichana peke yao, inayogusa kizazi, inayotolewa shuleni mzazi akiwa hayupo: mnong'ono kwamba "inafunga kizazi" utakosaje pa kuota? Ukimjibu kwamba huo ni uzushi, umemfunga mdomo, hujamshawishi. Mwambie kilichomo. Ndani ya chanjo mna maganda ya protini yanayofanana na kirusi, matupu, hayana vinasaba, hayawezi kuzaliana wala kuambukiza. Mwili hujifunza sura ya adui bila adui mwenyewe kuingia. Hutolewa mapema kwa sababu huzuia kirusi kisiingie, haikifukuzi kikishaingia. Wavulana nao hukibeba, lakini chanjo ilipokuwa adimu duniani, ilianza kwa wenye kizazi.

Tena mwambie ushahidi umetoka kwetu. Utafiti uliofanyika Kisumu, Thika na Nairobi kwa wanawake vijana 2,275 ulionyesha, baada ya miezi 18, kinga ya asilimia 97.5 dhidi ya aina mbili za HPV zilizo hatari zaidi, kwa dozi moja tu. Mwanza, wasichana 930 walifuatiliwa kupimwa kinga ya miili yao. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likaikubali dozi moja, na mwaka 2024 Tanzania ikaanza kuitoa kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Binti aliyehama shule hana tena dozi ya pili ya kukosa.

Kwa upande wa uchunguzi, kikwazo kikubwa nakiona ni aibu: kuvua nguo mbele ya mhudumu aliye rika la mwanao. Kipimo cha HPV kinaiondoa. Mama hupewa kijiti chenye brashi, akajichukulia sampuli mwenyewe nyuma ya pazia, na majibu yake hukaribia kulingana na ya sampuli aliyochukua mtaalamu. Pwani yetu mazungumzo ya kizazi yana mwalimu wake tangu zamani, naye ni somo. Natamani yeye ndiye awe wa kwanza kukishika kijiti hicho.

Dakika imepita, hakuna doa. Mama anajifunga kanga, anauliza kama anaweza kumpelekea wifi yake kijiti kimoja, maana wifi hawezi kufunga genge kuja zahanati. Nesi anamuuliza genge liko wapi. Gulioni. "Basi Jumamosi nitamfuata mwenyewe."