Jukwaa la Buguruni na barua ya mwaka 1898

Makutano ya Barabara ya Uhuru na ya Mandela, Buguruni, hayanyamazi. Makondakta wanaita abiria, wachuuzi wananadi bidhaa, malori yanapiga honi. Mtaani humo ndipo zilipo ofisi kuu za Chama cha Wananchi (CUF) jijini Dar es Salaam. Kijana anayetaka udiwani hapa lazima ajifunze kusikika, na somo hilo hujifunzwa jukwaani tu.

Ndiyo maana zuio la mikutano ya hadhara liliwaumiza vijana kuliko wazee. Tangu katikati ya 2016 vyama vilizuiwa kuhutubia umma, isipokuwa wabunge kwenye majimbo yao. Rais Samia Suluhu Hassan aliliondoa Januari 3, 2023. Mwanasiasa mzoefu alirudi jukwaani na sauti yake ileile. Aliyekuwa na miaka 20 zuio likianza alirudi, kama alirudi, bila mazoezi yoyote.

Mazoezi ndiyo yaliyomshughulisha mwanasiasa wa Uingereza Winston Churchill alipomwandikia mama yake Julai 1898. Alikuwa na miaka 23, ofisa wa jeshi aliyekuwa bado hajagombea ubunge, na herufi ya S ilimtatiza kinywani. Alikuwa ametoka kuhutubia mjini Bradford, wakamsikiliza kwa makini. Hakumwandikia mama ili kujisifu tu. Alijipima: sauti inatosha, kasoro ya ulimi haimzuii, akizoea atakuwa na nguvu kubwa jukwaani. Mwaka uliofuata aligombea Oldham akashindwa, 1900 akashinda. Hata hivyo, Aprili 1904 maneno yalimpotea katikati ya hotuba bungeni, akakaa chini. Tangu hapo hakuachana na maandishi yake.

Dar es Salaam nayo ina shule yake. Bibi Titi Mohamed alikuwa mwimbaji wa kikundi cha ngoma cha Bomba kabla ya kuingia TANU, chama kilichopigania uhuru. Umati haukumtisha, alikwishauzoea kwenye sherehe za mitaani. Alipokabidhiwa kazi ya kuwaingiza wanawake chamani mwaka 1955, alizifuata ngoma na vikundi vyao, na maelfu walijiunga ndani ya miezi michache. Mwalimu Nyerere alianzia mbali zaidi, kwenye midahalo ya shule Tabora. Kufikia 1957 hotuba zake zilikuwa na uzito kiasi kwamba Gavana Twining alimpiga marufuku kuhutubia.

Hakuna hata mmoja kati yao aliyeibukia kwenye kampeni. Leo kijana wa Buguruni hupewa maiki wiki za uchaguzi tu, na mara nyingi ni ya kumkaribisha mgeni rasmi. Viongozi wa matawi, wa chama chochote, mpeni dakika 10 kila mkutano wa kawaida, azungumzie maji, mitaro na ushuru wa soko. Nawe kijana, ukishuka jukwaani, mpigie mama umweleze ulipokwama kabla ya kumweleza waliokushangilia.