Y ya Pili, na Mtoto Asiyeulizwa

Mwaka 1965 Patricia Jacobs na wenzake walichapisha katika jarida la Nature matokeo ya kuwapima wanaume waliofungiwa Carstairs, hospitali ya Uskoti ya wagonjwa wa akili waliohesabiwa kuwa hatari. Kati ya watu karibu 200, saba walikuwa na kromosomu Y mbili badala ya moja. Magazeti yakadaka habari. Ilipofika 1968 yalisema hata Richard Speck, aliyewaua wanafunzi wanane wa uuguzi Chicago, alikuwa na Y ya pili. Alipopimwa, hakuwa nayo, lakini uvumi ulishatangulia.

Katika joto hilo ndipo Stanley Walzer, daktari wa akili za watoto, na Park Gerald, mtaalamu wa jeni, walipoanza kupima watoto wa kiume waliozaliwa katika hospitali moja ya Boston, ili wenye Y mbili wafuatiliwe wanavyokua.

Kipimo chenyewe kilitaka uvumilivu tu. Chembe za damu zinaoteshwa siku chache, zinasimamishwa kwa dawa zikiwa katikati ya kujigawa, kisha zinapigwa picha kwa hadubini. Enzi hizo fundi alishika mkasi, akakata kromosomu mojamoja kwenye picha na kuzibandika kwa jozi. Akipata 47 badala ya 46, kazi yake imekwisha. Ya daktari ndiyo inaanza, maana sasa atamwambia nini mzazi?

Akimwambia ukweli, kila mtoto anapompokonya mwenzake mwanasesere, mama ataona Y. Akinyamaza, anatembea na siri ya mwana wa watu. Na utafiti wenyewe unaharibika: mtoto akiwa mkorofi, nani atajua kama ni kromosomu au ni macho ya wazazi yaliyomwandama tangu utotoni? Hoja hizi zilitolewa na wanasayansi Jon Beckwith wa Harvard na Jonathan King wa MIT. Walilalamikia pia ridhaa, kwa kuwa fomu ziliwafikia wanawake wakiwa wamekuja kujifungua. Mama aliyeshikwa na uchungu hasomi fomu, anasaini.

Walzer hakuwa mtu mbaya. Alisema baadhi ya watoto hawa huchelewa kuongea au hupata shida ya kusoma, na familia ikijua mapema itasaidiwa. Hoja hiyo ina uzito. Ila msaada wa kusoma anaweza kupewa mtoto yeyote anayeshindwa kusoma, bila kuhesabiwa kromosomu.

Jimbo la Massachusetts, ulipo mji wa Boston, lilikuwa limeshapitisha, mwaka 1963, sheria ya kupima watoto wachanga ugonjwa wa fenilketonuria. Tone la damu ya kisigino, jibu, na aliyeathirika anawekewa lishe maalumu inayoukinga ubongo wake. Kipimo kinaishia kwenye sahani ya chakula. Cha Y mbili kiliishia kwenye wasiwasi.

Walzer alisitisha upimaji mwaka 1975. Mwaka uliofuata watafiti walitoa matokeo ya wanaume warefu 4,139 wa Denmark: wenye Y mbili walikuwa 12, na watano kati yao walishawahi kutiwa hatiani. Kiwango hicho kilizidi cha wenzao, lakini dalili kwamba walikuwa wakatili kuliko wengine haikuonekana.

Leo hakuna anayeshika mkasi. Kompyuta inajumlisha maelfu ya tofauti ndogondogo za jeni na kutoa alama ya hatari ya skizofrenia au sonona. Lakini hata pacha wa kufanana, ambaye jeni zake ni zilezile za ndugu yake mgonjwa wa skizofrenia, mara nyingi haugui.

Mwaka 2013 vyama vya Marekani vya madaktari wa watoto na wa jeni viliwashauri wanachama wao kwamba, kwa kawaida, mtoto asipimwe ugonjwa wa ukubwani ikiwa hakuna la kumfanyia utotoni, aachwe akue aamue mwenyewe. Ushauri huo ni kwa madaktari. Mzazi mwenye kadi ya benki, anayetuma mate ya mwanawe kwa kampuni ya vipimo, haumzuii.