Nani Aliyempigia Mwenzake?

Mwaka 2024 Kenya Power iliwaomba wateja wake jambo ambalo tapeli yeyote angelionea wivu. Ukinunua tokeni, simu ilikuletea safu tatu za tarakimu 20 badala ya moja, nawe ulitakiwa uzibonyeze zote kwenye mita kwa mpangilio wake. Usipofanya hivyo kabla ya tarehe 24 Novemba, mita ingekataa tokeni na ungebaki gizani. Tarehe ya mwisho, nambari ndefu zisizoeleweka, tishio la giza: kila dalili tuliyofundishwa kuiogopa ilikuwamo. Na habari yenyewe ilikuwa ya kweli tupu.

Mita za tokeni zinafuata mfumo mmoja ulioanzia Afrika Kusini, na sasa umeenea nchi nyingi. Mita huitambua kila tokeni kwa dakika iliyotolewa, ikihesabu tangu mwanzo wa mwaka 1993. Nafasi ya kuhesabia ina kikomo, kama dakika milioni 16.7 hivi, na kikomo hicho kilifika siku hiyo ya Novemba. Safu mbili za kwanza zilibadilisha ufunguo wa mita ili hesabu ianze upya. Ya tatu ndiyo iliyokuwa stima uliyonunua. Hapakuwa na malipo ya ziada.

Nimeanza hapo kwa sababu mashauri mengi tunayopewa kuhusu wakora wa simu hututaka tuupime ujumbe kwa sauti yake. Ukitisha, ukiharakisha, ukiandikwa ovyo, ukimbie. Lakini kampuni halali nazo hutisha na kuharakisha, na baadhi ya jumbe zao, tuseme ukweli, zimeandikwa ovyo vilevile. Kipimo cha sauti kimechakaa. Kilichobaki imara ni mwelekeo: nani aliyeanza mazungumzo, na pesa inaelekea wapi.

Kisiwa cha Mombasa kimezoeana na stima kwa muda mrefu. Mwaka 1908 mfanyabiashara wa mjini, Harrali Esmailjee Jeevanjee, alinunua jenereta iliyokuwa ya Sultani wa Zanzibar, na kutokana nayo ikaundwa kampuni ya kuuza umeme kisiwani. Kwa miaka mingi baada ya hapo deni lilikuja kwa karatasi na mita ilisomwa na mtu mwenye sura. Ukimtilia shaka, ulimuuliza jirani. Leo bili, malipo, malalamiko na onyo la kukatiwa vyote vinapita kwenye simu moja, na mkora hahitaji tena kuvaa sare wala kupanda ngazi.

Simu yenyewe huenda hivi. "Asalaam aleikum, mama. Hapa ni Kenya Power, idara ya madeni. Wewe ndiwe mwenye mita inayoishia na nambari hizi?" Anazitaja, na ni zenyewe. "Mita imesajiliwa kwa jina la mzee fulani, sivyo?" Ni kweli, ndilo jina la babu. "Kuna deni, na fundi yuko njiani kuja kukata. Lakini naweza kukusaidia, usikate simu."

Mengi ya anayoyajua hayakuhitaji siri yoyote. Katika nyumba za Mji wa Kale zilizogawanywa ghorofa kwa ghorofa, mita zimepangwa kwenye daka au chini ya ngazi, na nambari yake, tarakimu 11, inasomeka na kila anayeingia: mleta maji, fundi, mgeni wa mpangaji wa juu. Jina la aliyefariki miaka 20 iliyopita kubaki kwenye mita ni jambo la kawaida katika nyumba za urithi na za wakfu, na hapo ndipo mkora anapopata mshipa wa kubana, kwa kuwa mwenye nyumba anahisi ana kosa la karatasi ambalo hakulirekebisha. Nambari ya simu nayo? Fikiria kitabu kilicho juu ya meza ya wakala wa M-Pesa, pale kinapotumika bado, kile ambamo huandikwa jina, kitambulisho na nambari ya simu ya mteja. Anayesimama nyuma yako na kamera ana dakika nzima ya kukipiga picha.

Kwa hiyo mtu kukutajia nambari ya mita yako hakuthibitishi kitu.

Wako wanaojiamini kwamba watamjua mkora kwa lafudhi. Akizungumza kibara, wanacheka na kukata. Mimi siuamini ujanja huu. Wafanyakazi wengi halali wa kampuni hizi wanazungumza kibara, na hakuna sheria inayomzuia kijana wa hapahapa kisiwani kuwa mwizi.

Tazama badala yake tishio lenyewe kama linaingia akilini. Mwenye mita ya tokeni amelipa kabla ya kutumia. Uniti zikiisha, mita hujizima yenyewe, hapahitajiki fundi. Deni la zamani likiwapo, huweza kukatwa ndani ya tokeni unayonunua. Basi "fundi yuko njiani" kwa mteja wa tokeni ni hadithi. Kwa mwenye bili ya mwisho wa mwezi tishio lina uzito zaidi, maana kukatiwa kupo kweli, ila deni hilo unaweza kuliangalia mwenyewe kwa *977# kabla ya kumjibu mtu. Kuhusu maji, mkora wa Mombasa ana kazi ngumu. Kumtishia kufungiwa mfereji mtu ambaye mfereji wake haujatoa tone tangu Jumatatu kunahitaji uso mkavu, ingawa wapo wanaojaribu, na wanaovuna ni wale wanaoahidi kuyarudisha.

Baada ya tishio hufuata njia ya pesa, na hapa ndipo pa kusimama. Tokeni za Kenya Power hulipiwa kwa Paybill 888880, bili za kawaida kwa 888888, na unachoandika kwenye sehemu ya akaunti ni nambari yako mwenyewe ya mita au ya akaunti. Hakuna bili halali ya stima inayolipwa kwenye laini ya mtu, hata akisema ni laini ya msimamizi, hata akisema mfumo umeharibika. M-Pesa hukuonyesha jina la mpokeaji kabla pesa haijatoka. Likitokea la mtu binafsi, au la duka usilolijua, kazi imekwisha. Mlipaji si lazima awe mwenye mita, kwa hiyo mwana aliyeko ng'ambo akipokea habari kwamba stima ya mama inakatwa, hana haja ya kuzungumza na "afisa" yeyote. Ampigie mama, kisha amwombe ndugu aliyeko Mombasa anunue tokeni kwa Paybill ileile.

Siku hizi wapo wasiokuomba utume chochote. Kisanduku kinajitokeza tu kwenye skrini kikitaka nambari ya siri, huku sauti ya upole sikioni ikisema ni "kuthibitisha akaunti". Kisanduku hicho ni ombi la malipo, nambari ya siri ndiyo saini yako, na kiasi na jina la anayelipwa vimeandikwa humo humo kwa anayesoma. Wengine wanakutaka ubonyeze *21* ikifuatiwa na nambari ya simu na alama ya reli. Hiyo ni amri ya kuhamisha simu zako zote ziende kwa mwingine. Huondolewa kwa ##002#. Na wapo wanaovizia mitandaoni. Stima imepotea, unalalamika hadharani kwenye ukurasa wa kampuni, mara anakujibu "huduma kwa wateja" mwenye nembo ileile na jina lenye herufi moja ya ziada. Kosa la huyu wa mwisho ni gumu kuliona, kwa sababu unadhani wewe ndiye uliyeanza mazungumzo. Ulianza na kampuni. Aliyekufuata faraghani ni mwingine.

Ukishuku, kata simu, kisha piga mwenyewe 97771, nambari ya Kenya Power. Anayebisha hodi na kitambulisho shingoni abaki dakani wakati unamhakiki kwa *977#, ambamo mna sehemu ya kutambua wafanyakazi. Mkweli atasubiri. Safaricom, kampuni yenye M-Pesa, nayo imetangaza kwamba huwapigia wateja kwa 0722 000 000 peke yake.

Pesa ikishatoka, mkora huikimbiza kwa wakala aitoe, na ikishatolewa ni vigumu kuirudisha. Kwa hiyo sambaza ule ujumbe wa M-Pesa kwenda 456 kuomba irudishwe, na nambari ya mkora itume 333, kabla hujamwambia mtu yeyote nyumbani. Wazee wetu hufanya kinyume: huona haya, hunyamaza, humweleza binti yao baada ya isha, na saa hizo pesa imeshapita mikono mitatu. Kesi ya polisi bado inafaa, kwani Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka 2018 inakutaja kujifanya mtu mwingine kuwa kosa. Chukua nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha kituo, na usifute jumbe.